In Utero ya Nirvana: uchukue toleo la 1993, la 2013 au la 2023?

Ukikuta mashabiki wawili wa Nirvana, bendi ya roki ya Marekani, wanabishana kuhusu In Utero, waulize kwanza kila mmoja anasikiliza toleo lipi. Albamu hii, ya mwisho ambayo bendi iliirekodi studio, ipo sokoni kwa sura kadhaa, na jina la jalada ni lile lile. Mmoja anaweza kuapa kwamba solo ya gitaa kwenye "Serve the Servants" iko hivi, mwenzake akaapa iko vile, na wote wawili wakawa wakweli. Kwa anayetaka kununua, kupakua au kuingia kwenye ubishi huo akiwa na hoja, tofauti zenyewe ni hizi.

Ugomvi ulianzia wapi

Nevermind ya 1991 ilirekodiwa na Butch Vig, kisha Andy Wallace akaimiksi, yaani akapanga viwango vya kila chombo, iwe nyororo na yenye kung'aa. Ikauzwa kupita matarajio ya kila mtu, na Kurt Cobain, mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi, hakuficha kwamba ule ung'avu ulimkera. Kwa albamu iliyofuata bendi ikamwendea Steve Albini wa Chicago, aliyerekodi Surfer Rosa ya Pixies na Pod ya The Breeders, kazi mbili ambazo Cobain alizipenda mno. Februari 1993 wakajifungia Pachyderm, studio iliyo kando ya mji wa Cannon Falls, Minnesota, nafasi ikiwa imewekwa kwa jina la kificho: The Simon Ritchie Bluegrass Ensemble. Albini alichukua dola 100,000 mara moja na kukataa asilimia yoyote ya mauzo. Alitaka alipwe kama fundi bomba: kazi ikiisha, ujira ulipwe, basi. Kurekodi na kumiksi kulichukua takriban wiki mbili tu.

Bendi ilipiga kwa pamoja, na mara nyingi jaribio la kwanza au la pili ndilo lililobaki. Dramu za Dave Grohl zilizungushiwa maikrofoni kama thelathini, nyingine zikiwa mbali na ngoma ili zinase mwangwi wa chumba chenyewe. Sikiliza sekunde za mwanzo za "Scentless Apprentice", kabla gitaa halijaingia. Kila pigo la dramu kubwa ya chini lina mkia, na mkia huo ni hewa ya chumba. Hicho ndicho watu wanachokiita ubichi wa albamu hii. Anayedhani siri iko kwenye kelele za gitaa asikilize utangulizi huo mara mbili kwa hedifoni.

Kampuni ya rekodi na mameneja wa bendi hawakufurahi waliposikia kazi hiyo. Habari zikafika magazetini, na ubishi ukawa mkubwa kiasi kwamba bendi ililipia tangazo la ukurasa mzima kwenye jarida la muziki la Billboard kuipinga makala ya Newsweek. Jambo ambalo mashabiki wengi wa upande wa "lebo iliharibu albamu" hulisahau ni kwamba bendi yenyewe ilikuwa na mashaka. Cobain na mpiga besi Krist Novoselic waliona sauti ya mwimbaji na besi vimezama. Wakamwomba Albini arudie miksi, naye akakataa kwa kuwa aliamini hawezi kufanya bora zaidi ya pale.

Yakafanyika mambo mawili. Kwanza, Bob Ludwig akaifanyia albamu mastaringi, yaani urekebishaji wa mwisho wa rangi ya sauti, kwenye studio yake ya Gateway, Portland, Maine, akainua besi na sauti ya mwimbaji. Pili, Mei 1993, prodyuza Scott Litt akamiksi upya nyimbo mbili, "Heart-Shaped Box" na "All Apologies", kwenye studio ya Bad Animals, Seattle. Basi. Albamu ina nyimbo 12, na kumi kati yake ni miksi za Albini mwenyewe. Septemba 1993 ikatoka, ikaingia moja kwa moja namba moja kwenye chati ya Billboard kwa nakala 180,000 hivi za wiki ya kwanza.

Kwa hesabu hiyo, madai kwamba albamu halisi ilifichwa hayasimami. Kilichobadilika ni nyimbo mbili na rangi ya jumla ya sauti. Albini alikuwa na haki ya kulalamika kuhusu rangi hiyo: alisema mastaringi ilipunguza umbali kati ya kelele na kimya, ikabana upana wa sauti kushoto na kulia, na kusukuma mbele masafa ya kati. Ukilinganisha utamwelewa. Lakini kutoka hapo hadi kusema tuliuziwa albamu bandia ni mbali sana.

Miksi na mastaringi si kitu kimoja

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Miksi hurudi kwenye tepu yenye njia 24, ambako kila chombo kina njia yake au njia zake, na mhandisi anaweza kupandisha gitaa, kushusha dramu, kuchagua solo nyingine au kufuta sauti nzima. Mastaringi hupokea wimbo uliokwisha kumiksiwa ukiwa na njia mbili tu, kushoto na kulia, na kazi yake ni kurekebisha rangi, ukali na usawa wa nyimbo zote kwa pamoja. Mtu wa mastaringi akiinua masafa ya kati, sauti ya mwimbaji inasogea mbele, ila magitaa yaliyo kwenye masafa hayo yanasogea nayo. Hana njia ya kuyatenganisha.

Ukiona kwenye jalada au kwenye programu ya muziki neno "Remastered", utasikia mpangilio ule ule wa 1993 kwa rangi mpya. Ukiona "2013 Mix", hiyo ni kazi nyingine. Maneno hayo mawili yanachanganywa kila siku, hata na wauzaji.

Toleo la 1993

Hili ndilo watu walilolizoea, na CD zake zilizotumika si ngumu kupatikana. Sauti ya Cobain iko mbele kidogo, besi ya Novoselic ni nene, na "Heart-Shaped Box" ina gitaa la akustika na sauti za kuitikia zilizoongezwa wakati wa miksi ya Litt.

CD za Marekani zinaishia kwenye "All Apologies". CD za nchi nyingine zina wimbo wa ziada uliofichwa, "Gallons of Rubbing Alcohol Flow Through the Strip", uliorekodiwa Rio de Janeiro Januari 1993. Unaanza baada ya kimya cha dakika 20 hivi, ndani ya njia ile ile ya 12. Ukiihamisha CD hiyo kwenye kompyuta, usishtuke wimbo wa 12 ukionyesha zaidi ya dakika 30. CD haina kasoro. Ukitaka "All Apologies" peke yake, ikate kwenye dakika ya 3 na sekunde 51 kwa programu yoyote ya kuhariri sauti na uhifadhi kilichobaki kama wimbo wa pili.

Jihadhari na toleo la Machi 1994 lililotengenezwa kwa ajili ya maduka ya Walmart na Kmart. Picha ya nyuma ilibadilishwa, jina la "Rape Me" likaandikwa "Waif Me" kwenye jalada, na "Pennyroyal Tea" iliyomo si ile ya Albini bali ni miksi ya Litt ya Novemba 1993. Miksi hiyo ndiyo iliyotayarishwa kwa singo iliyoondolewa sokoni baada ya Cobain kufariki Aprili 1994, na ndiyo iliyotumika kwenye mkusanyiko wa nyimbo zao wa 2002. Kama uliijua Nirvana kupitia mkusanyiko huo, ukiifikia "Pennyroyal Tea" ndani ya albamu utahisi imekauka na imerudi nyuma. Hiyo ndiyo ya awali. Ipe muda, kwa maoni yetu ndiyo bora: uchovu wa wimbo unahitaji ukavu huo.

Toleo la 2013

Maadhimisho ya miaka 20 ndiyo yaliyoleta neema na mkanganyiko kwa pamoja. Sanduku la toleo hili lina vitu vitatu ambavyo lazima uvitenganishe kichwani.

Cha kwanza ni albamu ile ile iliyofanyiwa mastaringi upya. Cha pili ni miksi za awali za Albini za "Heart-Shaped Box" na "All Apologies", kama zilivyotoka Pachyderm. Hizi ndizo dhahabu ya toleo zima, maana zinamaliza ubishi kwa ushahidi. Weka "Heart-Shaped Box" ya Albini uende moja kwa moja kwenye solo. Gitaa limepitishwa kwenye kifaa cha madoido kinachoifanya sauti iyumbe na kupinda, hadi noti zenyewe ni shida kuzishika. Novoselic hakuipenda kabisa, naye alilisema hilo waziwazi. Kisha rudi kwenye ile ya albamu: solo ni safi, noti kwa noti, na sauti ya pili inamfuata Cobain. Hapa tunasimama na Novoselic. Solo ile ni ya noti chache na ya kuimbika, na madoido yale yanafunika kitu pekee ilichonacho. Kwa "All Apologies" tofauti ni ndogo, na anayependelea ya Albini ana hoja: sauti ya mwimbaji haijasogezwa mbele, kwa hiyo unahisi bendi nzima iko chumba kimoja.

Cha tatu ni "2013 Mix". Albini alirudi kwenye tepu za 1993 na kumiksi albamu yote upya, Novoselic, Grohl na mpiga gitaa Pat Smear wakiwa naye. Magitaa yana nafasi zaidi, vyombo vimeachana, na utasikia vitu ambavyo miaka yote vilikuwa vimefunikwa. "Serve the Servants" ina solo tofauti kabisa na ile ya 1993, na hiyo ndiyo njia ya haraka ya kutambua una toleo gani. Ni kazi nzuri sana kwa mpiga gitaa au mhandisi anayetaka kujua nyimbo hizi zilijengwaje. Lakini wapo wanaoiita "albamu aliyoikusudia Cobain", na hilo si kweli. Cobain hakuwepo. Miksi aliyoisikia, akaibishania na kuiruhusu itoke ni ya 1993. Miksi ya 2013 ni ya masikio ya watu wenye umri wa miaka ishirini zaidi, na thamani yake iko hapo hapo.

Zaidi ya hivyo vitatu kuna demo, yaani rekodi za majaribio, na kwenye sanduku kubwa la CD tatu na DVD kuna onyesho la Live and Loud lililopigwa Pier 48, Seattle, tarehe 13 Desemba 1993.

Ukinunua kitu kimoja kimoja badala ya sanduku, soma orodha ya nyimbo nyuma ya jalada. CD moja ya 2013 haina miksi mpya. Miksi hiyo inaanza kupatikana kwenye toleo la CD mbili.

Toleo la 2023

Miaka 30. Kazi ya mastaringi ilipewa Bob Weston wa Chicago Mastering Service, kutoka kwenye tepu halisi za analojia. Weston hakuletwa tu kwa sababu ya jina: mwaka 1993 alikuwa Pachyderm kama msaidizi wa Albini, kwa hiyo alisikia sauti ile ikitoka kwenye spika za studio. Mpangilio wa vyombo ni ule wa 1993, pamoja na miksi mbili za Litt, na kuna nyimbo tano za ziada, zikiwemo "Sappy" na "Marigold", huu wa mwisho ukiimbwa na Grohl.

Sehemu kubwa ya sanduku hili ni maonyesho mawili kamili: Los Angeles tarehe 30 Desemba 1993 na Seattle tarehe 7 Januari 1994. Jack Endino, aliyerekodi Bleach, ndiye aliyezisafisha kanda hizo. Wasichokiona wengi hadi wamelipa ni kwamba miksi ya 2013 haimo, wala zile miksi mbili za awali za Albini. Anayenunua sanduku la 2023 akitarajia "Albini mtupu" atavunjika moyo.

Ipo pia santuri iliyotolewa Ulaya mwaka 2003 ikiwa na miksi za Albini kabla ya kuguswa. Wakusanyaji huihangaikia na bei yake huonyesha hivyo. Kwa msikilizaji wa kawaida, sanduku la 2013 linatosha.

Namna ya kulinganisha bila kujidanganya

Sikio la binadamu hudhani kilicho juu zaidi ndicho bora. Toleo moja likizidi jingine hata kwa desibeli moja au mbili, utalipenda hilo na utatafuta sababu baadaye. Kwa hiyo:

1. Tengeneza orodha moja yenye "Heart-Shaped Box" ya albamu, ya Albini ya 1993 na ya 2013 Mix, kisha "Serve the Servants" na "Scentless Apprentice" kwa matoleo ya 1993 na 2013.
2. Kwenye mipangilio ya programu yako, washa usawazishaji wa sauti ili nyimbo zote zitoke kwa kiwango kimoja. Tumia orodha uliyoitengeneza, usicheze albamu nzima, kwa sababu baadhi ya programu husawazisha albamu kwa ujumla wake na kuziacha nyimbo zikitofautiana.
3. Zima ikwalaiza, kiongeza besi na madoido yote ya simu.
4. Pima kwa vipande vya sekunde 30, ukiruka kutoka toleo moja hadi jingine kwenye sehemu ile ile. Ukisikiliza wimbo mzima kwanza, kumbukumbu ya rangi ya sauti inakuwa imekwisha.

Kwa anayetumia bando, albamu hii ina dakika 41 na ushee. Kwa ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde inakula kama MB 100, kwa 160 ni MB 50, na kwa 96 ni MB 30 hivi. Ubora wa chini huumiza kwanza matoazi na ile mikia ya chumba kwenye dramu, yaani kile kile unachotaka kukipima. Heri kupakua mara moja kwa ubora wa juu ukiwa kwenye Wi-Fi. Spika ya simu haifai kwa zoezi hili. Besi haisikiki kabisa, na nusu ya ugomvi wa 1993 ilikuwa ni besi. Hedifoni za waya za bei ya kawaida zinatosha.

Tahadhari moja kuhusu "Milk It": ubeti wake ni wa chini sana, kisha kiitikio kinalipuka. Rekebisha sauti ukiwa kwenye kiitikio. Ukiirekebisha kwenye ubeti utayaumiza masikio.

Basi uchukue lipi

Anayeisikia In Utero kwa mara ya kwanza aanze na mpangilio wa 1993, na kwa leo njia nzuri ya kuupata ni mastaringi ya Weston ya 2023, CD mbili au kwenye programu ya muziki. Kama umekuta CD ya zamani ya 1993 kwa bei nafuu na haina mikwaruzo, ichukue bila wasiwasi. Uhakikishe tu si ile yenye "Waif Me".

Aliyeizoea albamu na anataka kujua Albini alilalamikia nini achukue 2013 ya CD mbili. Kwa fedha zake hilo ndilo toleo lenye maarifa mengi kuliko yote: albamu, miksi mbili za awali, miksi mpya yote na demo, kwenye jalada moja. Mpiga gitaa au prodyuza anayejifunza asifikiri mara mbili.

Mwenye mashine ya santuri anaweza kutafuta zile za 2013 za kasi ya 45. Kwa kasi hiyo sindano inapita kwenye mfereji mrefu zaidi kwa kila sekunde, hivyo nyimbo zilizo karibu na katikati ya sahani hazikwaruzi kama kwenye kasi ya 33. Gharama yake ni kuinuka kugeuza sahani kila baada ya nyimbo tatu hivi, na kwa nyimbo zenye mtiririko kama hizi baadhi ya watu huchoka. Hakikisha stika ya jalada inasema kama ni albamu ya kawaida au ni 2013 Mix, kwa kuwa zote mbili zilitolewa kwa kasi hiyo.

Na kama kinachokuvuta ni maonyesho ya jukwaani, amua kwa sauti na si kwa wingi wa nyimbo. Live and Loud ilirekodiwa kwa ajili ya televisheni na kila chombo kinasikika wazi, pamoja na selo ya Lori Goldston. Maonyesho ya Los Angeles na Seattle yalitoka kwenye kanda za stereo za mezani kwa fundi sauti, na Endino ilimbidi ayajenge upya kutoka humo. Ameyatengeneza vizuri kwa kadiri kanda hizo zilivyoruhusu, ila kwa masikio yetu Live and Loud ndiyo ya kununua kwanza.